Unga Hauchagui Tumbo

Sajini Muthama hakuamini vidonge, na hakuwaamini waliovileta mezani kwake. Asubuhi ile ya Ijumaa, mwezi wa tatu mwaka wa themanini na sita, pakiti tatu za dawa ya kupanga uzazi zilikuwa zimelala mbele yake. Kila pakiti ilikuwa na vidonge ishirini na vinane, vingi vyeupe na saba vya rangi ya udongo mwekundu. Alitoa kimoja, akakivunja kwa ukucha, akakinusa, kisha akakigusa kwa ncha ya ulimi. Kilikuwa kitamu kidogo, halafu hakikuwa na ladha yoyote.

"Ni unga," alisema Inspekta Mathenge, mkubwa wa kituo cha polisi cha Kyamwelu, akiwa amesimama mlangoni na kofia kwapani.

"Nani amevipima?"

"Ndolo amesema."

"Sikuuliza nani amesema, afande. Niliuliza nani amepima."

"Ndolo ndiye msimamizi wa kituo cha afya. Akisema ni unga, ni unga. Ukitaka kupimiwa na Nairobi utangoja mpaka Krismasi. Jumatatu asubuhi Land Rover inampeleka yule mama kortini Kitui. Wewe andika hati ya mashtaka, uache kulamba ushahidi."

Yule mama aliitwa Kalunde. Kwa miaka minne alikuwa akitembea kilima hadi kilima, kyondo, kikapu chake cha kusuka, kimening'inia kichwani, akigawa vidonge vya serikali kwa wake za watu. Tangu Jumatano alikuwa seli. Wanawake watatu aliowagawia walikuwa wameshika mimba, na mmoja wao, Mutindi mke wa Kiema, alikuwa amezikwa wiki iliyopita. Mutindi alimzaa mtoto wake wa kwanza kwa kupasuliwa, na daktari akamwonya kwamba wa pili atamwua. Kwa hivyo alimeza kidonge kila jioni, mumewe akimwangalia. Tumbo likaja hata hivyo, na siku ilipofika, Mutindi alikata roho juu ya mkokoteni wa ng'ombe, nusu ya njia ya kwenda hospitali ya Mutomo, na mtoto akaenda naye.

Sasa ilisemekana Kalunde aliuza vidonge vya kweli na kuwapa wanawake unga. Kwa kosa la namna hiyo mtu huzeekea gereza la Lang'ata.

Muthama alikuwa amevaa sare kwa miaka ishirini na miwili, na sare hiyo ilimfunza jambo moja. Mkubwa akikosea, huitwa upungufu wa vifaa; mdogo akikosea, huitwa mshtakiwa. Mke wake mwenyewe alifia kwenye benchi, akingoja sahihi ya mtu aliyekwenda kunywa chai. Hati ya mashtaka akaisukuma kando, akaagiza Kalunde aletwe.

Kalunde aliingia akaketi kabla ya kuambiwa aketi.

"Umekula?"

"Nimekula ugali wa serikali. Sasa najua kwa nini polisi mnakasirika ovyo."

Muthama alifungua daftari la bluu la Kalunde, lililojaa majina na alama za kalamu. "Wanawake arobaini na mmoja. Wote unawapa kutoka mfuko mmoja?"

"Kyondo ni kimoja, Sajini, na kidonge ni kile kile. Sina cha tajiri na cha maskini."

"Walioshika mimba?"

"Watatu. Mutindi, na wale wawili wa kule mabondeni."

"Na hawa wengine thelathini na wanane?"

"Uliza waume zao. Wananilaumu kwamba nyumba zimenyamaza."

Muthama aliweka kalamu chini. Unga hauchagui tumbo. Kama mfuko ungekuwa wa unga, nusu ya kilima kizima ingekuwa inatembea imeshika kiuno. Ikiwa watatu tu ndio waliopatwa, basi ubaya haukuwa kwenye mfuko. Ulikuwa kwa wale watatu, katika kitu walichokuwa nacho wao, na wengine hawakuwa nacho.

"Kabla ya kumpa Mutindi, ulimuuliza nini?"

"Yaliyo kwenye kadi ya maswali. Presha, kuvimba miguu, kuumwa kichwa, kama ananyonyesha."

"Ulimuuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia?"

"Kadi haiulizi hiyo. Na kadi nilipewa na Ndolo. Mimi ni mtu wa darasa la saba, Sajini, nasoma nilichopewa."

*

Ndolo alimpokea Sajini katika chumba cha dawa cha kituo cha afya, akamwita "mzee wangu" mara mbili kabla hajakaa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Watu wa Kyamwelu walimwita daktari, naye hakuwahi kuwakataza.

"Nasikia umesema vidonge vya Kalunde havikutoka hapa," Muthama alianza.

"Havikutoka hapa."

"Nionyeshe kitabu cha stoo."

Ndolo alikitoa polepole. Muthama alishusha kidole kwenye mistari, kisha akaweka pakiti moja kando ya kitabu. Namba iliyopigwa kwenye ubavu wa pakiti ilikuwa ile ile iliyoandikwa kitabuni, na mwandiko wa kitabuni ulikuwa wa Ndolo.

"Vimetoka hapa," alisema Muthama.

"Basi pakiti ndiyo yetu. Lakini ndani alibadilisha."

"Kila kidonge kimefungwa kwa plastiki mbele na karatasi ya fedha nyuma. Angebadilishaje bila kuipasua?"

"Wezi wana akili siku hizi."

"Na wewe umejuaje ni unga?"

Ndolo alicheka bila sauti. "Mwanamke anameza na anashika mimba. Unataka ushahidi gani mwingine? Mzee wangu, naona macho yako mekundu. Kichwa kinakuuma?"

Kilikuwa kinamuuma kweli. Ndolo alihesabu aspirini sita. Tangu Januari kituo hakikuwa na bahasha za dawa, kwa hivyo juu ya meza palikuwa na rundo la makaratasi ya zamani ya ofisi, yaliyokatwa kwa wembe vipande vya ukubwa wa kiganja. Alichukua kimoja, akakikunja pembe kwa pembe kwa ufundi wa mtu aliyezoea, akasokota ncha. Muthama alimeza mbili kwa maji ya bomba, zilizobaki akazitia mfuko wa shati pamoja na kikaratasi chao.

Aliondoka akijua mambo mawili. Vidonge vilikuwa vya kweli, na mtu aliyejua hivyo alikuwa amesema uongo. Hakujua bado uongo huo ulikuwa unafunika nini.

*

Kwa Kiema hapakuwa mbali. Mfiwa huyo alikuwa anachonga mpini wa jembe chini ya ukingo wa paa, na hakusimamisha kisu.

"Umemfunga?"

"Yuko seli. Nataka kuona nyumba."

"Nyumba haikuua mtu."

"Niachie mimi kazi yangu, Kiema."

Jikoni kulikuwa na giza baridi la mahali ambapo moto haujawashwa kwa siku nyingi. Muthama alisimama kimya mpaka macho yakazoea. Mafiga yalikuwa matatu, kama ya kila mtu. Lakini kuyazunguka mafiga palikuwa na ukuta wa mawe ya mtoni, umepangwa vizuri na kukandikwa udongo, ukifika magotini. Mpishi angelazimika kuinama juu yake ili afikie chungu. Kwenye ufa wa ukuta wa nyumba palichomekwa mwiko mdogo, mpini umezungushiwa kitambaa na kushonwa kwa uzi. Aliuchomoa. Kitambaa kilikuwa na alama za meno, na kati ya zile za mbele moja ilikuwa ya jino lililovunjika.

"Haya mawe ni ya nini?"

"Ya mtoto. Asianguke motoni."

Wakati huo huo mtoto mwenyewe aliingia uani, msichana wa miaka sita, mtungi wa plastiki wa lita tano mgongoni, akaushusha bila kumwaga tone. Muthama alimtazama, akayatazama mawe. Mwiko akaurudisha pale pale.

"Mutindi alikuwa na safari?"

Kisu kikasimama. "Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi. Alipanda lori la Gicheru, yule Mkikuyu wa ndengu kutoka Sultan Hamud. Alikuwa akilala Kalamba, ng'ambo ya mto, Jumamosi anarudi. Alisema ni mkutano wa akina mama wa kanisa."

"Alikwenda peke yake?"

"Na wale wawili."

"Wawili gani?"

"Wale wenye mimba, Sajini. Umekuja kuniuliza au kunicheka?"

"Na wewe ulimuuliza nini?"

Kiema alipuliza chembe za mti kwenye mpini. "Mwanamume akiuliza sana hujibiwa," alisema, akarudi kuchonga.

Muthama alirudi sokoni akiwa na hadithi nyingine kabisa kichwani. Wanawake watatu, lori moja, mwanamume mmoja, usiku mmoja kila mwezi ng'ambo ya mto Athi. Kwa hadithi kama hiyo, hata mtoto wa polisi angekamata mtu.

*

Gicheru alikuwa anapima ndengu kwenye mizani, akizozana na bibi kizee kuhusu mchanga uliochanganywa. Alikuwa mnene, mwenye jasho na sweta ya kijani ambayo haikuvuliwa hata kwa jua la Kyamwelu.

"Mutindi wa Kiema ulimjua?"

"Namjua. Pole sana. Alikuwa mtu ya adabu."

"Ulimjua namna gani?"

Gicheru aliiacha mizani ikining'inia. "Afande, ngoja. Unanifikiria nini? Mimi niko na bibi wawili Sultan Hamud, na wote wananishinda. Wa tatu ningempeleka wapi?"

"Hawakuwa mmoja. Walikuwa watatu."

"Ndiyo mbaya zaidi," alisema bibi kizee mwenye ndengu, na watu wakacheka.

Gicheru alimvuta Muthama nyuma ya lori. Huko hakutania tena. "Sikiza. Kiti ya mbele iko wazi kila wakati, na hawataki. Wanakaa nyuma juu ya magunia, wamejifunika leso mpaka macho. Mtu wa kwenda kwa mpenzi hajifichi hivyo, afande. Anajipaka mafuta. Hawa ni kama wamebeba maiti. Na Kalamba hawashuki sokoni."

"Wanashuka wapi?"

"Nyuma ya zahanati ya kanisa. Si mbele, ni nyuma. Mimi naona, nanyamaza. Mambo ya kanisa na ya wanawake, nikiuliza nitapata nini?"

"Unaondoka saa ngapi?"

"Saa nane."

"Nitakaa kwenye hiyo kiti ya mbele," alisema Muthama.

Waliuvuka Athi kabla ya jua kuzama, pale kwenye kivuko cha mawe, maji yakifika vitovu vya magurudumu tu kwa sababu mvua za Aprili zilikuwa hazijaja. Muthama alilala kwenye benchi la kanisa. Asubuhi alienda zahanati, akapita nyuma.

*

Aliyefungua mlango aliitwa Wanjiro, muuguzi wa makamo aliyekuja Kalamba na mumewe mwinjilisti miaka mingi iliyopita, na sasa alisema Kikamba vizuri kuliko Wakamba.

"Ya wagonjwa siwezi kukuambia, Sajini. Ukitaka, nifunge na mimi."

"Wanawake watatu kutoka ng'ambo ya mto. Hupita mlango huu. Sitaki majina."

"Majina yenyewe sina."

"Mmoja wao amekufa."

Wanjiro alishika kiti. "Yupi?"

"Aliyevunjika jino la mbele."

Muuguzi alikaa chini. Baadaye alisimama, akachukua rejista, akaifungua mwenyewe na kuigeuza upande wa Sajini. "Huyu hapa. Alijiandikisha kama Nduta. Siku alipokuja mara ya kwanza nilikuwa nje namwita binti yangu, Nduta, Nduta. Nikaingia, nikamwuliza jina, naye akaniambia Nduta. Nikaandika tu. Wote huandikisha majina ya uongo."

"Wanakuja kuchukua nini?"

"Dawa ya kifafa."

Muthama aliuona ukuta wa mawe ya mtoni. Aliuona mwiko uliofungwa kitambaa, na meno juu yake.

"Mutomo kuna hospitali," alisema. "Si mbali hivi."

"Mutomo kuna hospitali, na kuna benchi, na kwenye benchi yuko shangazi ya mchumba wa mdogo wako. Wewe ni Mkamba, Sajini, nami nikufundishe? Kabla mbuzi za posa hazijaondoka boma la kijana, wazee hawaulizi kama ukoo huo una kifafa? Wakisikia, mbuzi zinarudi. Na si za msichana huyo peke yake. Dada zake wote wamekwisha."

"Huyu Nduta wako alikuambia kwamba anameza na vidonge vya uzazi?"

Wanjiro aliirudia ile rejista. "Hakuniambia. Kumbe kule kwenu alificha dawa ya kifafa, na huku akaficha dawa ya uzazi." Akajifunika uso kwa kiganja. "Na mimi sikumwuliza. Tangu barua ilipokuja nawauliza wote wa kifafa, lakini huyo aliniambia mumewe yuko Mombasa. Nikamwamini."

"Barua gani?"

Alifungua kabati. Ndani ya mlango wake, iliyopigwa misumari midogo minne, palikuwa na barua ya mashine, Kiingereza cha ofisi, ya mwezi wa pili mwaka uliopita.

"Ilitumwa kwa kila kituo kinachotoa vidonge vya uzazi na kila kinachotoa dawa ya kifafa."

"Nieleze inasema nini. Kwa lugha ya mtu aliyetoka shule mapema."

"Kile kidonge kina homoni. Ichukue homoni kama barua. Mwilini kuna vipokezi vyake, kama watu waliokaa milangoni, kila mmoja akingoja barua yenye jina lake tu. Zikiwafikia za kutosha, mwili unaamini kuna mimba tayari, na yai halitoki. Umenielewa mpaka hapo?"

"Endelea."

"Sasa hii dawa ya kifafa, ikikaa mwilini, inaliamsha ini. Ini ni kama karani anayeshughulikia kila kinachopita. Likiamshwa hivyo linafanya kazi kupita kiasi, linachana barua zote kabla hazijafika. Wapokeaji wapo, wanangoja milangoni, na hakuna kinachowafikia cha maana. Yai linatoka. Mwanamke anameza kila jioni, hakosi hata siku moja, na anashika mimba."

"Kwa hivyo kidonge si unga."

"Kidonge ni kizuri. Na dawa ya kifafa ni nzuri. Vikikutana tumboni mwa mtu mmoja, kimoja kinaliwa."

"Angeacha ya kifafa?"

"Angeanguka motoni."

"Basi alipaswa kupewa nini?"

"Sindano. Au awekewe kitanzi. Imeandikwa hapa, mstari wa nne. Na mstari wa tano unasema kila mgawaji aambiwe kuuliza habari ya kifafa kabla hajatoa kidonge."

Muthama alisogea karibu na mlango wa kabati. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini macho yake yalikuwa mazima. Mstari wa nne ulikuwa na neno refu la dawa lililoanza kwa herufi P na H. Mahali fulani alikuwa ameliona neno hilo, tena jana tu, karibu kabisa na pua yake.

Alitia mkono mfukoni, akatoa aspirini zake nne. Alizimimina kiganjani, akakinyoosha kile kikaratasi juu ya meza kwa upande wa mkono wake. Kilikuwa kipande cha chini cha barua ya mashine. Neno refu la P na H lilikuwa limekatwa na wembe katikati. Chini yake mstari wa tano ulikuwa mzima. Na pembeni, kwa wino wa zambarau, palikuwa na nusu ya muhuri: herufi za mwisho za jina la Kyamwelu, neno la kupokelewa, na tarehe, siku ya ishirini na tano ya mwezi wa pili mwaka uliopita.

Wanjiro alikiinua mpaka kwenye barua yake ya kabatini. Mistari ilikaa juu ya mistari.

"Huyu karani wenu," alisema, "hakuchana. Alifungia dawa."

*

Lakini kikaratasi kilisema tu kwamba barua ilifika. Hakikusema Mutindi alikuwa na kifafa. Rejista ya Kalamba ilimjua Nduta, na hakuna Nduta aliyekufa Kyamwelu. Jumapili mchana Muthama alikwenda mabondeni kwa wale wawili wenye mimba. Wa kwanza alisema hajawahi kuugua maishani mwake. Wa pili hakufungua mlango.

Akabaki na mmoja. Muthoki, mama yake Mutindi, alikuwa ametoka kanisani, kitambaa cheupe cha akina mama bado kichwani, na alimpa Sajini kiti na uji kabla ya kumwuliza lililomleta. Alisikiliza yote. Uji wake ulipoa.

"Mwanangu hakuwa na kifafa," alisema.

"Mwaitu, mama yangu, nimeona mwiko."

"Mwiko ni wa kupikia."

"Kesho asubuhi Kalunde anapelekwa Kitui. Ameshtakiwa kumwua Mutindi. Wewe unajua hakumwua."

Muthoki alitazama nje, ambako binti yake mdogo alikuwa anapepeta ndengu. "Yule pale, mbuzi zake za kwanza zililetwa Januari. Nikisema neno unalolitaka, zinarudi. Na za Mutindi zinadaiwa, kwa sababu niliuza mtoto mwenye ila nikafunika ila. Wewe unaniomba nimzike mmoja na kumzeesha mwingine hapa nyumbani."

"Sikuombi. Nakuambia Land Rover inaondoka saa moja."

"Mimi ndiye niliyemwambia aende mbali," alisema mama, kana kwamba hakumsikia. "Niliogopa benchi ya Mutomo." Kisha akasimama, akachukua kibuyu cha uji, na Muthama akajua mazungumzo yamekwisha.

*

Jumatatu saa moja kasoro, Inspekta Mathenge aliweka kikaratasi cha aspirini juu ya kidole gumba, akakitazama kama mtu anayetazama kupe.

"Hii ni takataka, Sajini. Ndolo ataapa kwamba mwanamke yule hakuwa na kifafa. Nani atasema alikuwa nacho? Una mtu?"

"Sina."

"Basi panda gari."

Uani, Land Rover ilikuwa inanguruma. Kalunde alikaa nyuma, pingu mkononi, kyondo chake kitupu mapajani. Kiema mlalamikaji alisimama kando, koti la mazishi mabegani, akingoja kupanda mbele. Hata Ndolo alikuwa amefika, amekuja kuona kazi ikimalizika, kalamu tatu mfukoni.

Ndipo waliposikia kengele ndogo ya mbuzi.

Muthoki aliingia langoni akiwa na fimbo, binti yake mdogo nyuma, na mbele yao mbuzi wamesongamana, wakitafuta kivuli cha gari. Kiema alipomwona mkwewe aligeuka haraka, akazunguka upande wa pili wa Land Rover, kwa maana mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Naye Muthoki alivuta leso mpaka kwenye nyusi na kulipa gari mgongo. Alizungumza na Sajini, lakini sauti yake ilikuwa ya kusikika ng'ambo.

"Mwambie baba wa mjukuu wangu. Mtoto niliyempa alikuwa na kifafa tangu umri wa miaka tisa. Nilijua, nikafunika, nikapokea mbuzi. Hizi si zile zile, lakini azipokee. Nimezileta kabla ya kusema, watu wasije wakasema nimenunuliwa. Alikuwa anameza dawa ya Kalamba, kila siku, mpaka siku aliyokufa, na dawa hiyo ndiyo iliyovishinda vidonge vya Kalunde. Andika hivyo."

Mbuzi mmoja alilamba bampa ya gari.

"Kiema," Muthama aliita, bila kumwondolea Ndolo jicho. "Umesikia?"

Sauti ilikuja kutoka nyuma ya gari, nzito, ya mtu anayezungumza akiangalia chini.

"Mwambie mwaitu azirudishe nyumbani. Yale mawe ya jiko niliyapanga mimi mwenyewe, mwezi wa kwanza wa ndoa. Mwiko niliushona mimi. Nilijua, na Mutindi hakujua kama najua. Nilidhani nikinyamaza namficha."

Muthoki hakugeuka. Aliinama, akamshika mbuzi aliyekuwa karibu shingoni, akabaki hivyo.

"Utasema hayo kwa maandishi?" aliuliza Muthama.

"Andika. Na yule mama wa vidonge umfungue."

Muthama alikuwa tayari na ufunguo. Alimfungua Kalunde pingu, naye Kalunde akashuka taratibu, akisugua kifundo cha mkono, akapita mbele ya Ndolo bila kumtupia hata jicho, akaenda kusimama kando ya Muthoki. Inspekta Mathenge alikuwa bado na kikaratasi mkononi. Alikigeuza, akakisoma tena, safari hii kwa makini ya mtu anayeanza kuhesabu nani atamlaumu nani. Dereva alinyoosha mkono kuzima injini.

"Usizime," alisema Sajini Muthama, akikichomoa kikaratasi kutoka vidoleni mwa mkubwa wake na kukirudisha mfukoni. Pingu bado zilikuwa mkononi mwake, na Ndolo alikuwa amekwishaanza kurudi nyuma kuelekea langoni, ambako mbuzi walikuwa wameziba njia.